Kibarua na Barua

Neno kibarua limezoeleka mno vinywani hata asili yake imesahauliwa. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa, ili jioni ijulikane kuwa alifanya kazi na apate ujira wake. Baadaye jina la karatasi likamhamia aliyeishika, na mtu mzima, mwenye jina na ukoo, akaitwa kibarua. Kule bara, katika mashamba ya walowezi, karatasi hiyo iliitwa kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, kila siku iliyotimizwa ikitiwa alama. Kadi ilijua kuhesabu siku, basi. Haikusema kama mwenye kadi hodari wa kupogoa kahawa, au kama wenzake wakigombana yeye ndiye huwasuluhisha.

Karatu ni mji ulio juu ya njia itokayo Arusha kwenda Ngorongoro. Miinuko ya Oldeani, iliyo jirani yake, ilifunguliwa mashamba na walowezi, Wajerumani wengi miongoni mwao, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kahawa ingali inachumwa huko. Asubuhi, ukungu haujaondoka, vijana husimama kando ya barabara kuu wakingoja gari la shamba. Mbele yao hupita magari ya namna nyingine, yaliyofunguliwa paa, yakiwapeleka wageni kwenye lango la Lodoare na kisha kwenye kreta. Barabara hiyo ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya lami zikaja hoteli na kambi, moja baada ya moja, hata leo vilima vilivyouzunguka mji vimejaa paa za makuti na mabango. Kijana wa Karatu amesimama baina ya magari hayo mawili. La kwanza halimuulizi jina lake. La pili linataka barua.

Ni kwa ajili ya barua hiyo mwalimu mmoja mstaafu, aliyesomesha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, alianzisha darasa la jioni katika chumba cha kuazima cha skuli ya msingi. Hakuna ada. Kila ajaye huleta daftari na kalamu. Waja Wairaqw wa mjini na vijijini, waja Wadatoga na Wamasai, na mara nyengine huteremka kijana wa Kihadzabe kutoka upande wa ziwa Eyasi. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne, baadhi cha sita, na wachache wana stashahada ambazo zimekaa kabatini mpaka kingo zimegeuka rangi.

Jioni ya kwanza mwalimu huomba kila mmoja atoe barua aliyokwisha kuiandika. Hutolewa barua kumi, kumbe ni barua moja. Imepigwa chapa katika duka la kutoa nakala karibu na stendi, ambako mwenye duka ameiweka tayari kwenye kompyuta yake, akibadilisha jina na tarehe tu. Inasema kwa Kiingereza kwamba mwandishi wake ni mchapakazi, mwaminifu, aweza kufanya kazi bila ya kusimamiwa na hatishwi na shinikizo. Mwalimu huzisoma zote kumi kwa sauti, moja baada ya nyengine, pasi na dhihaka. Ifikapo ya nne, wenye barua wenyewe huanza kucheka. Ifikapo ya nane, hawacheki tena.

"Wanangu," huwaambia, "huyu mtu mmoja aliyeandika barua hizi kumi, mimi simjui. Nanyi hamumjui. Mwenye hoteli atamjuaje?"

Kisha huuliza swali ambalo ndilo mtaala wake wote: "Jana ulifanya nini?"

*

Kuna jambo katika lugha linaloyafanya mafunzo haya kuwa magumu kuliko yanavyodhaniwa na wale wanaoyapanga ofisini. Tangazo la kazi huorodhesha "sifa za mwombaji." Sifa ni yale mtu aliyo nayo, na sifa ni yale watu wamsemayo kwa wema. Wasifu ni ndugu yake, wa shina moja la Kiarabu. Lakini mtoto aliyelelewa vyema, pwani au bara, amefundishwa kwamba sifa hutolewa na wengine. Ajisifuye mwenyewe amejivunjia heshima. Wahenga wamelifunga jambo hili kwa kufuli mbili. Walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakasema tena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi kijana amwambiwaye akae chini aandike ukurasa mzima wa kujieleza kwa mtu asiyemjua, huona kama anaambiwa ajitembeze. Ndipo akakimbilia barua ya dukani. Mtu asiyekuwepo hawezi kuona haya.

Mwalimu hakuziondoa kufuli hizo, maana ni za kweli. Aliwaonyesha tu mlango mwengine. Aliwakumbusha kwamba Shaaban Robert alipokiita kitabu chake Wasifu wa Siti Binti Saad, alimsimulia mwanamke wa Fumba aliyeingia mjini Unguja akiuza vyungu, kabla sauti yake haijavuka bahari na kutiwa katika sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928. Vyungu havikufichwa. Wasifu, akasema mwalimu, ni ushahidi. Shahidi mbele ya kadhi hajisifu wala hajidunishi; anasema aliloliona na alilolitenda, siku gani, mahali gani, mbele ya nani. "Usiniambie kwamba wewe ni mwaminifu. Niambie ni nani alikuachia fedha zake, na ni kiasi gani kilirudi."

*

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Mang'ola, kule chini kwenye bonde la Eyasi, ambako chemchemi hunywesha mashamba ya vitunguu na malori huja kuvichukua kuvipeleka masokoni. Kidato cha nne alipata daraja la nne. Katika sehemu ya uzoefu wa kazi alikuwa ameandika neno moja: sina.

"Jana ulifanya nini, binti?"

"Shikamoo, Mwalimu. Jana sikufanya kitu. Nilikuwa shambani."

"Marahaba. Shambani ulifanya nini?"

Jibu lilitoka kidogo kidogo, kama maji ya kisima kirefu. Shamba ni la mjomba wake. Siku ya kuvuna huja vibarua arubaini, pengine hamsini. Yeye hushika daftari. Huandika jina la kila mtu na idadi ya magunia aliyojaza. Jioni huhesabu ujira, humpa mjomba jumla, na mjomba akishatoa fedha yeye ndiye hugawa. Amefanya hivyo kwa misimu mitano. Iliwahi kutokea ugomvi? Mara moja, mtu alidai magunia mawili zaidi. Daftari likafunguliwa, wakaenda wakahesabu pamoja, ikaonekana mtu yule ni mkweli na daftari lilikosea, akalipwa, na tangu siku ile kila gunia hutiwa alama ya aliyelijaza.

Darasa lilinyamaza. Binti aliyeandika "sina" alikuwa kwa misimu mitano karani wa malipo, mtunza hesabu na msuluhishi, na tena alikuwa amebuni utaratibu wa kuzuia kosa lisijirudie. Hakuyaona hayo kuwa kazi kwa sababu hakuna aliyempa jina la kazi hiyo wala mshahara wake. Yeye aliyewaandikia wengine vibarua vyao hakuwa na karatasi yake mwenyewe.

Jioni ile aliandika barua yake kwa Kiswahili. Mwalimu hushikilia hilo: kwanza lugha ambayo mtu huwaza ndani yake, kisha, ikiwa mwajiri anataka Kiingereza, tafsiri ifuate. Watoto wa Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na wengi hutoka sekondari wakiamini kwamba jambo la maana haliwezi kusemwa ila kwa lugha ya pili. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yenyewe husema kwamba barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini ruhusa hiyo haisomwi. Barua ya binti ilikuwa na aya tatu. Ilitaja vibarua arubaini, misimu mitano na magunia mawili yaliyorudishwa. Haikuwa na neno mchapakazi.

*

Kwa vijana wa juu, wa ndani ya hifadhi, tatizo huanza kabla ya aya ya kwanza. Huanza pale juu kuliani, panapoandikwa anuani.

Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama waendelee kuishi pamoja, na mwaka 1979 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilimo kilikatazwa ndani yake mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Mifugo ikipungua na jembe likizuiwa, mshahara wa mtoto mmoja huwa ndio unga wa nyumba nzima. Tena tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali imeueleza kuwa ni wa hiari na ambao wakaazi wengi wameupinga. Kijana mmoja wa Endulen aliishika kalamu kwa muda mrefu bila ya kuandika. Baba yake yuko Msomera, mama yake yuko Endulen, na yeye analala kwa rafiki Karatu. "Mwalimu," aliuliza, "kwetu ni wapi?"

Mwalimu hakuwa na jibu la swali lile kubwa. Alimjibu lile dogo: andika mahali ambapo barua itakufikia.

Baada ya anuani huja vyeti. Maombi ya kazi za serikali hutaka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo vyenyewe wala si hati ya matokeo, wadhamini watatu wa kuaminika, na namba ya utambulisho wa taifa. Mtoto aliyezaliwa bomani, mbali na zahanati, aghalabu hana kizazi kilichoandikwa. Huambiwa alizaliwa mwaka wa ukame fulani, ng'ombe walipokwisha. Itambidi aende kwa mtendaji wa kijiji, apate barua yenye muhuri, aape, asubiri, arudi. Kazi hutangazwa kwa wiki mbili; cheti chaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo somo la pili la mwalimu halina ufasaha wowote: kila mwanafunzi, awe anaomba kazi au haombi, aanze leo kutafuta karatasi zake, azitoe nakala, azitie katika mfuko wa nailoni, amwachie mtu anayemwamini seti moja. Kijana wa Endulen, awezaye kumtambua mnyama kwa unyayo na kujua kwa kinyesi kwamba amepita alfajiri au jana, alikaa nje ya foleni ya kazi ya ulinzi wa wanyamapori kwa kukosa karatasi inayosema kwamba amezaliwa.

*

Ndipo ulipokuja ule mtihani ambao hauko katika mtaala wa mtu yeyote.

Kazi moja nzuri ilitangazwa, ikitaka ufaulu ulio juu kuliko wa binti wa Mang'ola. Jamaa mmoja alimjia na ushauri. Binamu yake, aliyefaulu vizuri, ameolewa mbali na vyeti vyake vimelala. Wanafanana. Aazime vyeti, aazime na jina, nani atajua? Nyumbani palikuwa na wadogo wanne na ada ya skuli haijalipwa. Alimletea mwalimu shauri hilo waziwazi, bila ya kuficha, kama mtu anayeuliza njia.

Wapo ambao wangemkemea. Mwalimu alimsimulia kisa. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watu 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo waliotumikia miaka mingi, waliofundisha, waliouguza, waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mishahara ile. Yumkini wengi walikuwa wakiijua kazi yao. Lakini kazi iliyofanywa kwa karatasi ya mwengine haikuhesabiwa kuwa yao. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikiwa na urefu wa miaka ishirini.

Halafu akamuuliza: "Binti, ukiitwa kwa jina la binamu yako kila asubuhi, mpaka uzeeni, utaitika?"

Hakujibu. Aliondoka, na kwa wiki mbili hakuonekana. Mwalimu hakumfuata. Aliwaambia wengine kwamba khiyari ni yake, kwa kuwa wao waliobaki darasani hawakuwa na ada ya wale watoto wanne mfukoni. Wiki ya tatu alirudi, akakaa mahali pake pa siku zote, akafungua daftari. Barua aliyoitoa ilikuwa na jina lake mwenyewe, na daraja la nne limeandikwa pale linapostahiki kuandikwa.

*

Darasa lilipata waalimu wengine kwa njia ya msiba. Machi 2020 korona ilipoingia nchini na ndege za watalii zikakatika, hoteli nyingi zilifunga na wafanyakazi wakarudishwa makwao: wapishi, wahudumu wa vyumba, madereva, watu wa mapokezi. Baadhi waliondoka na ujuzi wa miaka kumi na mikono mitupu, bila ya karatasi inayosema walikuwa wapi miaka hiyo. Wengi walikuwa hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi kazi inapokoma. Hata baada ya wageni kurudi, baadhi yao waliendelea kuja jioni kuwafundisha wadogo zao yale ambayo wao waliyajua kwa kuchelewa: soma mkataba kabla ya kutia sahihi, weka nakala, na ukiondoka, ondoka na hati.

Hao ndio hukaa mezani kuigiza usaili. Binti wa Kimasai kutoka Nainokanoka, aliyekuwa wa kwanza kuitwa, aliingia, akawaona wazee watatu wamekaa, akainamisha kichwa ili kiguswe, kama anavyowaamkia watu wazima kwao. Darasa lilitaka kucheka. Mwalimu aliinuka, akamgusa kichwa, akamwitikia, kisha akasema: "Hiyo ilikuwa yangu, nami nimeipokea. Sasa toka, ingia tena. Safari hii umekuja kwa mtu asiyekujua. Mtazame usoni, si kwa ukaidi, bali apate kukuona." Hakuambiwa kwamba aliloliacha mlangoni ni ushamba. Aliambiwa kwamba lina mahali pake, na hapa pana mahali pake.

*

Haifai kudhani kwamba barua nzuri huzaa kazi. Mwezi wa Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilifanya usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha walioitwa: zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 70. Hata kama wote wangekuwa na barua zisizo na ila, watu 70 tu ndio wangepata. Mwalimu huwaambia wanafunzi wake hesabu hiyo wazi, na haogopi kuwavunja moyo, kwa kuwa kijana asiyeijua, akikosa, hujiona yeye ndiye kosa. Wenye kusoma haya Unguja na Pemba, ambako hoteli za fukweni zina foleni yao ya vijana na manung'uniko yao kuhusu nani huitwa na nani huachwa, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Kitu ambacho darasa la Karatu laweza kutoa ni kidogo kuliko ajira, nacho si kitu cha kudharauliwa: kijana asimame mbele ya mwenye kazi akiwa yeye, kwa jina lake, akijua alichokifanya na akijua kukisema. Kuomba kazi hakumfanyi mtu kuwa ombaomba. Ombaomba hunyoosha mkono mtupu. Mwombaji kazi ameshika kitu, ila pengine hajaambiwa kwamba kile alichokishika kina thamani.

Binti wa Mang'ola alipeleka barua kumi na moja. Zilizojibiwa ni mbili, zote kwa simu, na usaili ulikuwa mmoja. Msaili alimuuliza kuhusu yale magunia mawili, maana hakuwahi kusoma barua yenye magunia. Alipata mkataba wa miezi mitatu, msaidizi wa ghala katika hoteli ya njia ya langoni. Kwa mshahara si kitu cha kujivunia, wala hakuna ajuaye kama baada ya msimu utaongezwa. Kijana wa Endulen bado anangoja cheti chake cha kuzaliwa.

Siku yake ya mapumziko binti huja darasani. Ameuleta mkataba, mwalimu akausoma wote, hata maandishi madogo, akamrudishia na kumwambia autoe nakala. Jumapili moja mwalimu alichelewa kwa mvua. Alipofika mlangoni aliwakuta wageni watano wamekaa na barua zao za dukani mikononi, na binti amesimama mbele yao, chaki mkononi, akimwinamia kijana mmoja aliyekuwa akitazama sakafu.

"Sawa, huna uzoefu," alikuwa akimwambia. "Lakini jana ulifanya nini?"